Vihenge Hai vya Ihanzule

Dokta Somoe Mkwinda alimtoa dumuzi mmoja kwenye kichupa kwa kibanio, akamweka juu ya ukuta wa kihenge, akasubiri. Mdudu alikuwa mweusi na mfupi, kichwa amekiinamisha chini ya mabega. Alizungukazunguka, akachagua mahali, akaanza kutoboa.

Kihenge kilikuwa kirefu kuliko mtu mzima, cheupe, na ukuta wake ukiugusa ulikuwa baridi na laini kama ngozi iliyolowekwa. Kilikuwa hai. Kilioteshwa palepale uani kwa pumba na maranda ya mbao, kuvu ikapandwa humo, nyuzi zake zikashikana zenyewe mpaka zikawa ukuta. Kila mwaka baada ya mavuno kililishwa pumba na kunyunyiziwa maji kidogo. Kazi yake ilikuwa moja tu, kulinda mahindi.

"Kinamwona?" aliuliza Yustina Tweve, mwenye kihenge. Alikuwa mjane wa miaka sitini na ushei, amejifunga kitenge juu ya sweta zito.

"Kinamsikia, mama. Akitafuna uzi mmoja, nyuzi nyingine zote zinapata habari."

Mahali alipotoboa mdudu pakaanza kuloana. Dumuzi aliendelea kutafuna, kisha akapunguza kasi, akarudi nyuma, akasimama.

"Amekufa?"

"Bado. Lakini hatakula tena. Kuna protini imetoka ukutani, imeshikamana na utumbo wake. Hata angekula mpaka ashibe, chakula kisingemwingia mwilini. Atakufa njaa na tumbo limejaa."

Yustina aliinama kumtazama mdudu kwa karibu.

"Ndivyo anavyosema Tabitha," alisema. "Kwamba anakula, na chakula hakimfikii."

Somoe alimrudisha dumuzi kwenye kichupa, akafunga kifuniko. Tabitha alikuwa mke wa mtoto wa Yustina, na alikuwa amelala ndani, mjamzito, hawezi kusimama bila kushika ukuta. Ni kwa sababu yake, na wengine kama yeye, Taasisi ya Nafaka ilimtuma Somoe kupanda huku milima ya Kipengere. Tabibu wa zahanati alikuwa ameandika kwamba matumbo ya watu wa Ihanzule yameharibika na hajui kwa nini. Maji yalikuwa safi. Vyoo vilikuwa vizuri. Watoto waliokuwa bwenini, wanaopikiwa unga unaoletwa kutoka bondeni, hawakuumwa hata mmoja.

"Wamekuja wengi mwaka huu?" Somoe aliuliza. "Dumuzi?"

"Wengi sana. Nilipokuwa msichana hatukuwajua wadudu hawa. Baridi ilikuwa inawamaliza njiani. Siku hizi baridi yenyewe iko wapi? Wanapanda kutoka chini, usiku unawasikia kwenye paa wakitafuna mbao. Lakini kwenye mahindi hawaingii. Kihenge chako kinafanya kazi, mwanangu. Hilo silikatai."

Somoe alifungua mlango mdogo wa chini, akachota mahindi kwa kiganja. Punje zilikuwa nzima, nzito, hazina tundu. Lakini juu ya kila punje palikuwa na utando mweupe mwembamba kama vumbi la chaki. Kwenye vihenge vya bondeni alikozoea kufanya kazi, utando huo uliishia kwenye tabaka la nje, linalogusa ukuta. Aliingiza mkono hadi begani, akachota za katikati kabisa. Nazo zilikuwa nyeupe.

Kuvu haitengenezi protini bila sababu. Inatengeneza inapotafunwa. Na mwaka huu ilikuwa imetafunwa bila kupumzika.

*

Protini yenyewe haikubuniwa na mtu. Ilitoka kwenye uyoga mdogo unaoota juu ya samadi, ambao huchomoza asubuhi na kuyeyuka kabla siku haijageuka. Uyoga hauna miguu ya kukimbia, hauna miiba wala gome, na umezungukwa na funza na minyoo wanaoutamani. Kwa hiyo unajilinda kwa protini zinazotambua sukari fulani zilizo kwenye ukuta wa utumbo wa anayeutafuna. Zikizipata zinazing'ang'ania, na utumbo unashindwa kufanya kazi yake.

Somoe na wenzake walipima protini nyingi za namna hiyo, wakachagua iliyo kali kuliko zote, wakaihamishia kwenye kuvu ya ukuta. Walihakikisha haivunjwi na tindikali wala vimeng'enya vya tumbo la mdudu. Walijua vilevile kwamba kitu kisichovunjwa na tumbo la mdudu huenda kisivunjwe na tumbo la mtu. Ndiyo maana walipima upishi. Walichemsha unga, wakasonga ugali, wakapika makande na uji, na kila mara protini ilifunguka na kufa. Maabara yao ilikuwa karibu na bahari.

Jikoni kwa Yustina sufuria ilikuwa imeshaanza kutokota. Mgeni hakuachwa aende bila kula, hata kama ni mgeni wa kazi. Somoe aliketi kwenye kigoda karibu na moto, akatoa kipimajoto mfukoni, akakitumbukiza majini kwa mazoea tu, kama mtu anavyotazama saa bila kuwa na haraka.

Kilisoma tisini na mbili.

Maji yalikuwa yanaruka. Mapovu makubwa yalipanda kutoka chini na kupasuka. Alikitoa kipimajoto, akakifuta, akakirudisha. Tisini na mbili. Akachukua kingine kwenye begi. Kilisema vilevile.

"Tuongeze kuni?" Yustina aliuliza.

"Hapana, mama. Hata ukiongeza, hayatazidi hapo."

Alilijua jambo hilo tangu shule. Kila mwanafunzi wa sekondari hulijua: ukipanda juu, hewa inapungua uzito, na maji yanachemka mapema. Lilikuwa moja ya mambo ambayo mtu anayajua na hayamsaidii, kwa sababu hayajawahi kukaa karibu na jambo lingine analolijua. Protini yao ilikuwa inafunguka kuanzia digrii tisini na tano. Chini ya hapo ilikaa kama ilivyo.

Yustina alisonga ugali, akaupakua kwenye sahani pamoja na mboga za maboga. Somoe alikata kipande, akakiponda kwenye kikombe na maji, akachovya kijikaratasi cha kupimia protini ile. Kijikaratasi kilibaki cheupe kwa muda mfupi, kisha rangi ya bluu ikaanza kupanda kutoka chini.

Yustina alikuwa ameshanawa mikono. "Mbona huli, Dokta?"

"Mama, na wewe usile."

Yustina alimtazama, kisha akaitazama sahani. Aliifunika kwa kawa, akakaa.

"Ni mahindi?"

"Ni kile kinachowaua dumuzi. Nilidhani moto unakimaliza. Kwetu chini unakimaliza. Huku moto wenu hauwezi."

"Na Tabitha nampa uji kutwa mara tatu," Yustina alisema. "Namwambia ajitahidi, amalize bakuli."

Alinyanyuka, akaenda chumbani kwa Tabitha. Somoe alimsikia akiongea kwa sauti ya chini, na sauti nyingine dhaifu ikijibu. Aliporudi alikuwa ameshika bakuli la uji lililobaki nusu. Aliumwaga nje, mbali na kuku.

Somoe aliomba kikaango. Alitia punje kavu, akazikoroga juu ya moto mpaka zikaanza kudunda na kubadilika rangi. Kikaango kikavu hakifungwi na maji, kinaweza kupita digrii mia bila shida. Walizitwanga pamoja kwenye kinu, wakapika uji mwepesi, wakachovya kijikaratasi humo. Walikaa wakikitazama wote wawili. Kilibaki cheupe.

"Kwa hiyo yanalika," Yustina alisema.

"Yakikaangwa vizuri, yote, kabla ya kusagwa. Yanalika."

*

Mkurugenzi wa Taasisi, Dokta Rwechungura, alipokea simu akiwa anatembea. Uso wake kwenye kioo cha simu ulikuwa unayumba, nyuma yake miti. Somoe alimweleza kila kitu bila kupunguza. Alipofika kwenye kipimajoto, Rwechungura alisimama.

"Tisini na mbili," alisema.

"Ndiyo."

"Na hakuna mmoja wetu aliyefikiria."

"Hakuna."

Rwechungura alikaa mahali fulani, labda kwenye benchi. Alikuwa mzee wa Bukoba mwenye sauti ya upole, na Somoe hakuwahi kumsikia akimkaripia mtu.

"Wangapi wanaumwa?"

"Karibu kila nyumba ina mtu. Wengi ni matumbo tu. Wajawazito na wazee ndio wanaozidiwa. Na Ihanzule siyo kijiji peke yake. Mlima mzima una vihenge vyetu."

"Umeshawaambia?"

"Nimemwambia mama mmoja. Mwenyekiti anaitisha mkutano alasiri."

"Somoe, nisikilize mpaka mwisho, halafu utasema. Wewe umetoka Lindi. Sina haja ya kukueleza mwaka wa dumuzi ulikuwaje."

Hakuwa na haja. Somoe alikuwa darasa la tano mwaka ule, dawa zote zilipokuwa zimeshazoewa na wadudu, na watu walifungua magunia wakakuta unga wa mavumbi na maganda. Mdogo wake Mwanahawa alizikwa mwaka huo. Yeye mwenyewe alisomea kuvu kwa sababu hiyo, ingawa hakupenda kulisema.

"Kilombero, Rufiji, Mtwara, Lindi," Rwechungura aliendelea. "Kote huko maji yanachemka kama inavyotakiwa, na kote huko vihenge hivi ndivyo vinavyowaweka watu hai. Wewe ukisimama mkutanoni ukataja neno sumu, kabla jua halijazama limefika kwenu. Mtu hatauliza kuhusu mwinuko. Atachukua panga. Na dumuzi wako nje wanangoja."

"Nikinyamaza, watu wa huku wataendelea kula."

"Sikusema unyamaze. Waambie mahindi yameingia unyevu kwa sababu ya ukungu wa mlimani. Waambie ni lazima wayakaange kabla ya kusaga. Watakaanga, watapona. Sisi tutapata muda wa kutengeneza kuvu nyingine kwa ajili ya nyanda za juu. Hakuna atakayekufa mlimani, hakuna atakayebomoa bondeni. Nionyeshe ni nani anayeumia hapo."

Somoe alijaribu kumtafuta huyo mtu, na hilo ndilo lililomchelewesha kujibu. Ulikuwa uongo mdogo na ulikuwa umekaa vizuri. Alitoka nje ya jiko huku simu ikiwa mkononi. Yustina alikuwa ameshaanza kukaanga kikaango cha pili. Rundo la kuni ukutani lilikuwa dogo. Msitu ulikuwa unalindwa, na kila kaya ilipewa sehemu yake, isiyozidishwa.

"Kukaanga kunakula kuni," alisema hatimaye. "Mahindi yenye unyevu watu huyaanika juani. Hakuna atakayemaliza kuni zake kwa ajili ya unyevu, Mkurugenzi. Mama huyu anakaanga sasa hivi kwa sababu ameona kijikaratasi kikigeuka bluu kwa mahindi yaleyale anayompikia mkwewe uji. Anajua anachokiogopa. Nikimwambia jirani yake habari ya unyevu, atakaanga wiki moja, akichoka ataacha."

"Utawasisitiza."

"Na wa kijiji cha pili? Na yule anayekaanga juujuu ili aokoe kuni, akija kuniuliza akaange mpaka lini, nitamjibu nini? Nitakuwa nimeshamfunga macho halafu namwambia atazame njia."

Rwechungura alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Siwezi kukuzuia kutoka huku," alisema. "Nakuomba kitu kimoja. Uwaambie na habari ya bondeni. Kwa sauti ileile."

"Nitawaambia."

*

Watu walikutana uwanja wa shule. Eliudi Sanga, mwenyekiti wa kijiji, alimkaribisha kwa maneno machache. Alikuwa mkulima wa viazi, mtu mrefu asiyependa mikutano mirefu. Alimpa Somoe nafasi ya kusimama, yeye akabaki pembeni mikono nyuma.

"Kamwene," Somoe aliwasalimu kwa lugha yao.

"Kamwene," waliitikia.

Alieleza. Alisema kuvu ya kihenge inatoa sumu ya kuua wadudu, kwamba sumu hiyo imeingia kwenye mahindi yao, na kwamba moto wa huku haufikii kiwango cha kuivunja. Alisema ndiyo iliyowaumiza. Akasema na la pili, kwa sauti ileile kama alivyoahidi: kwamba katika nchi za chini maji hupata moto zaidi kabla ya kuchemka, sumu huvunjika sufuriani, na vihenge vya huko ni salama. Mwisho akawaeleza kwamba mahindi yakikaangwa makavu kabla ya kusagwa, yanalika. Mtu mmoja aliyekaa mbele alikuwa ameinua simu, anarekodi. Mwingine nyuma yake naye vilevile.

Watu walitazamana, kisha wakamtazama mwenyekiti.

"Aliyeitengeneza hii kuvu ni nani?" Eliudi aliuliza.

"Ni mimi na wenzangu."

"Na mlipima?"

"Tulipima. Tulipima pwani. Hatukupanda huku na sufuria. Tulipaswa kupanda."

Mwanamume mmoja alisimama akasema vihenge vyote vichomwe leo, kila mtu aone vikiungua. Wengine waliitikia. Mwingine akauliza wakishachoma watakula nini, maana dumuzi ni wengi kuliko nyasi. Mama mmoja akasema yeye hawezi kumlisha mtoto kitu ambacho kimeshamuumiza, hata ungekikaanga mara saba. Alikuwa analia, lakini alisema mpaka mwisho.

Yustina alisimama. Hakuwa msemaji wa mikutano, na watu waligeuka kumtazama.

"Tabitha wangu mnajua hali yake," alisema. "Leo nimemwaga uji niliompikia kwa mkono wangu. Lakini mwaka wa dumuzi nilimzika mume wangu hapa hapa, na wengi wenu mlibeba jeneza. Nimeyaona yote mawili. Hili la leo nimeambiwa dawa yake, na nimeijaribu kwenye kikaango changu. Lile la mwaka ule halikuwa na dawa. Mimi kihenge changu sichomi. Ila kuni sina za kutosha, na hapa hakuna mwenye nazo. Hilo ndilo tuliongee."

Waliliongea. Lilikuwa jambo gumu na lilichukua muda, lakini lilikuwa jambo lenye mwisho. Juu ya kijiji palikuwa na banda kuukuu la kukaushia pareto, lililoachwa tangu wadudu walipoacha kuiogopa pareto. Tanuri lake lilikuwa bado zima. Badala ya kila nyumba kuchoma kuni zake kwenye kikaango, mahindi yangepelekwa huko kwa zamu, yakaangwe kwa pamoja, moto mmoja. Eliudi alisema ataongea na watu wa msitu. Somoe alisema atakaa, awe anapima kila kinachotoka kwenye tanuri mpaka wapate mtu wa kumwachia vijikaratasi. Aliwaambia pia watenge mbegu kwanza, kwa sababu punje iliyokaangwa haioti.

Yule mama aliyekuwa analia alichoma kihenge chake. Hakuna aliyemzuia. Majirani walimsaidia kutoa mahindi, wakagawana naye nafasi kwenye vihenge vyao.

Tabitha alishushwa hospitali ya wilaya kwa ndege nyuki ya wagonjwa, ile isiyo na rubani, Yustina akiwa amekaa pembeni yake, ameshika chupa ya dripu kwa mikono miwili ingawa ilikuwa imefungwa vizuri.

*

Rwechungura hakukosea.

Kipande cha video kilichosambaa kilikuwa kifupi. Kilianza Somoe akisema kuvu ya kihenge inatoa sumu, na kiliishia pale aliposema ndiyo iliyowaumiza. Sentensi iliyofuata haikuwemo. Labda aliyekata hakuwa na nia mbaya. Labda aliona hiyo ya kwanza ndiyo habari, hiyo nyingine ni maelezo. Kilifika Kilombero, kikafika Rufiji, kikafika Lindi. Mama yake Somoe alimpigia simu kumuuliza abomoe au asibomoe, na alipoambiwa asibomoe alisema, "Sawa, lakini jirani zangu wameshabomoa."

Somoe alirekodi maelezo mengine marefu. Redio iliyasoma. Taasisi iliyatuma kwa kila mtu mwenye simu. Yalifika, lakini yalifika nyuma ya yale ya kwanza, na watu walishaamua.

Ihanzule kulikaangwa mahindi kila siku. Wagonjwa waliacha kuongezeka, kisha wakaanza kupungua. Tabitha alijifungua mtoto mdogo kuliko kawaida, aliyeishi. Somoe alipata habari hizo akiwa ndani ya basi la kuteremka, vijikaratasi amewaachia watu wa tanuri, kwa sababu Rwechungura alikuwa amempigia simu na kusema bila hasira, "Huko umemaliza. Sasa nenda Kilombero."

"Mimi? Watanipiga."

"Wanaweza. Lakini mimi wakiniona watajua ni ofisi. Wewe ndiye waliyekuona kwenye simu."

*

Jilala Masunga alikuwa mkulima wa Kisukuma ambaye baba yake alihamia bonde la Kilombero na ng'ombe, yeye akabaki na jembe. Alimpokea Somoe uani bila kumkaribisha kiti. Palipokuwa na kihenge palikuwa na duara jeusi la majivu. Pembeni, chini ya turubai, kulikuwa na magunia.

"Wewe ndiye wa kwenye video," alisema.

"Ndiye mimi."

Alikwenda kwenye gunia la juu, akalinyanyua kidogo kwa kona. Unga mweupe ulimwagika kwenye mishono, ukaendelea kumwagika. Haukuwa unga wa kusagwa. Jilala alilishusha taratibu, kama anayemlaza mgonjwa.

"Yote yako hivi, isipokuwa mawili ya mwisho," alisema. "Nina watoto sita. Niambie ukweli. Kihenge changu kilikuwa na sumu?"

"Kilikuwa nayo. Vyote vinayo. Lakini ukipika hapa, inakufa. Chako hakikuwa na kosa."

Jilala alitingisha kichwa mara kadhaa. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, ameyasikia yote, akaingia ndani.

"Kwa nini hukusema hivyo siku ile?"

"Nilisema. Neno hilo lilikuja mara baada ya pale walipokata."

"Ungeanza nalo."

"Nilifikiria hilo njia nzima nikija huku. Watu niliokuwa naongea nao ndio waliokuwa wanaumwa. Ningeanza kwa kuwaambia kwamba kwingine ni salama, wasingenisikiliza tena."

Jilala aliokota kijiti, akakirusha kwenye majivu. "Na huko kwao wamepona?"

"Wengi wamepona."

"Kwa hiyo wao wamepona, mimi nimepata hii."

"Ndiyo," Somoe alisema. Alikuwa na maneno mengine ameyaandaa, kuhusu chakula cha msaada kinachokuja, kuhusu kuvu changa aliyokuja nayo kwenye sanduku, ambayo ingeweza kuwa ukuta kabla ya mvua. Alimwambia hayo pia, baadaye kidogo, na yote yalikuwa kweli. Lakini kwanza aliliacha lile neno moja likae peke yake, kwa sababu ndilo alilokuwa ameulizwa.

Majirani walikuwa wameanza kukusanyika kwenye ua. Wengine walikuwa na majivu kama ya Jilala nyumbani kwao. Wachache walikuwa hawajachoma. Vihenge vyao vilionekana kwa mbali nyuma ya migomba, vyeupe, na mmoja wao alikuwa amekuja na panga begani, labda kutoka shambani, labda sivyo.

Jilala aliwatazama, akamtazama Somoe. Alikokota benchi kutoka chini ya paa, akaliweka katikati ya ua.

"Utawaambia yote," alisema. "Yote, usiruke. Na uanze na wagonjwa. Ukianza na usalama watasema umetumwa."

Somoe hakukaa. Alisimama mbele ya benchi, mgongo kwa majivu.

"Kule mlimani, Ihanzule," alianza, "watu waliumwa kwa kula mahindi yaliyotunzwa kwenye kihenge nilichokitengeneza mimi."

Mtu mwenye panga akaanza kusema kitu. Wengine wakaanza pamoja naye, na simu tatu nne zikawa zimeinuliwa juu. Jilala alinyoosha mkono, akashusha simu iliyokuwa karibu naye, kisha akafikiri upya, akaiachia iinuke.

"Rekodi," alimwambia mwenye simu. "Ila usizime mpaka amalize."